Sisi Watu wa Bahari na Hewa ya Ruwenzori

Mwezi huu zamu ya kuandika ukurasa wa safari imetuangukia sisi, na tumeona tuwaeleze habari za Kasese na Bwera. Tulikaa huko karibu mwaka mzima kabla ya kuja hapa kambini. Hasa tunawaandikia familia zilizotoka pwani, maana kila mwezi wanafika wageni wanaouliza swali lilelile tulilouliza sisi: je, mtu aliyezaliwa karibu na bahari anaweza kuishi huku milimani?

Sisi ni watu wa Barawa, pwani ya Somalia. Kutoka Barawa tulikwenda Mombasa, na habari ya jinsi tulivyotoka ni ya siku nyingine. Kote huko tulikoishi, ukisimama mlangoni unasikia bahari. Basi mwaka 2018, shemeji yetu anayeuza vitambaa soko la Mpondwe alipotuita Uganda, majirani walituonea huruma. Mmoja alisema pua zitatoka damu. Mwingine akasema mtu wa pwani moyo wake umezoea hewa nzito, ukimpandisha mlimani unapasuka. Bibi yetu hakulala siku mbili. Tukaenda soko la Kongowea tukanunua makoti ya mtumba saba na blanketi nne. Hela ya makoti ilikuwa hela ya kodi ya mwezi.

Njiani

Basi liliondoka Mombasa jioni. Tulikuwa watu saba: Bibi, baba na mama, dada yetu mkubwa, na sisi wadogo watatu. Nairobi tulifika asubuhi, baridi kidogo, kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hatukuona ajabu yoyote. Tukabadilisha basi, tukaendelea kupitia Nakuru na Eldoret usiku.

Sasa sikilizeni kilichotokea usiku ule. Tulikuwa na pakiti za krips za watoto. Usiku zikavimba kama zimepulizwa na pampu, moja ikapasuka yenyewe, watoto wakaamka wanalia. Masikio yakaziba. Bibi akasema, "Wanangu, mezeni mate, ndivyo wafanyavyo wapiga mbizi." Tukameza mate, masikio yakafunguka. Baba alikunywa maji akafunga chupa vizuri. Tulipofika Malaba mpakani, chupa ileile imebonyea ubavuni kama mtu ameikanyaga.

Baadaye tulikuja kujua maana yake. Barabara ile inapita Timboroa, mahali palipo juu ya mita 2,700. Yaani sehemu ya juu kuliko zote tulizowahi kufika maishani tulipita usiku, wengine tumelala, na pua ya mtu haikutoka damu. Tulikuwa tunaogopa Kasese, kumbe cha kuogopwa tumeshakipita tukikoroma.

Ndugu mmoja aliyekuwa mwalimu alitueleza hivi. Hewa ina uzito. Imepangwa kama magodoro ya sponji dukani, moja juu ya jingine. Godoro la chini kabisa limebanwa na yote yaliyo juu yake, la juu limelegea. Pwani ndiyo godoro la chini. Ukipanda, hewa inalegea. Ile pakiti ilifungwa chini ambako hewa imebanwa, ilipofika juu hewa ya ndani ikataka nafasi. Chupa ya Baba ilifungwa juu, iliposhuka ikabanwa. Na kifua chako vilevile: ukivuta pumzi juu ya mlima, kifua kinajaa kama kawaida, lakini oksijeni iliyomo ni kidogo kwa sababu hewa imelegea.

Kasese ni joto!

Kutoka Kampala tulipita njia ya Fort Portal. Fort Portal iko kama mita 1,500, na usiku ule ndio pekee tuliovaa makoti. Asubuhi gari likaanza kushuka. Likashuka, likashuka, makoti yakavuliwa moja moja, mpaka tunaingia Kasese tumebaki na fulana na jasho. Bibi aliuliza kwa hasira, "Huo mlima uko wapi?"

Kasese mjini ni kama mita 950 tu. Ni mji wa bondeni, joto na vumbi, mlima uko upande mmoja na nyika ya mbuga ya Queen Elizabeth upande wa pili. Hapa kambini tulipo sasa ni juu kuliko Kasese, ingawa wengi hawajui. Ukivuta hewa ya Kasese unapata kama sehemu tisa kwa kumi ya ile ya Mombasa. Mwili hauhitaji hata kuambiwa, unapumua kidogo zaidi na maisha yanaendelea. Ndugu zetu mliotoka Butembo, mji ulio juu ya mita 1,700, nyie mkija Kasese mnateremka. Mtatucheka, lakini ndivyo tulivyokuwa, watu saba wenye makoti saba kwenye mji wa joto.

Kitu pekee tulichokiona tofauti kwanza ni jikoni. Maji ya Kasese yanachemka kabla hayajafika joto la kuchemka la pwani, kwa sababu hewa inayoyakandamiza ni nyepesi. Tofauti ni kama digrii tatu. Chai haijui, ila maharage yanajua. Mama alilalamika wiki nzima kwamba ameuziwa maharage ya mwaka juzi. Mama mmoja jirani akamwambia aloweke usiku kucha, afunike sufuria, aache haraka. Tangu hapo makaa yakapungua, na maharage yakawa maharage.

Watu wa bahari waliotutangulia

Wiki mbili za kwanza hatukuuona mlima wenyewe. Mawingu yalikuwa yameufunika. Halafu asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku, mtoto wetu mdogo alitoka nje kuchota maji akarudi mbio. "Kuna kitu cheupe juu!" Tukatoka wote. Nyuma ya vilima vya kijani, mbali sana juu, palikuwa na theluji inang'aa na jua. Ilikaa kama nusu saa, mawingu yakarudi.

Wenyeji ni Bakonzo. Kwao theluji ni nzururu, na mlima wenyewe ni Rwenzururu, mahali pa theluji. Kilele cha juu kinaitwa Margherita, mita 5,109. Mtu wa kwanza kuandikwa kwamba amefika pale ni Mwitaliano, Mtawala wa Abruzzi, tarehe 18 Juni 1906, na mizigo ilibebwa na Bakonzo.

Ila kabla yake walipita watu wa kwetu, watu wa pwani, na hili tunapenda vijana wetu walijue. Mwaka 1887 Henry Morton Stanley alichukua wapagazi zaidi ya 600 kutoka Zanzibar kwenda kumtafuta Emin Pasha. Walizungushwa na meli hadi mdomo wa mto Kongo, wakatembea msituni. Mwezi Mei 1888 kijana mmoja alimwonyesha Stanley mlima unaosemwa umefunikwa na chumvi. Haikuwa chumvi, ilikuwa theluji hii hii. Juni 1889, ofisa wake mmoja aitwaye Stairs alipanda na kundi la Wazanzibari kutoka upande wa bonde la Semliki, wakafika zaidi ya mita 3,200. Hawakufika kwenye theluji. Mabonde makubwa yaliwakatia njia na chakula kilikuwa kidogo, wakageuka. Baadaye msafara ukapita huku kusini hadi ziwa la chumvi la Katwe, lile lile ambalo mpaka leo watu wanasimama ndani ya maji kuvuna chumvi.

Wengi wa wale Wazanzibari hawakurudi kwao. Waliuawa na njaa, homa, vidonda na mishale ya msituni. Lakini hawa waliopanda na Stairs, watoto wa bahari kama sisi, wasio na makoti wala viatu vya maana, walifika juu ya mita 3,200 wakashuka kwa miguu yao. Bibi aliposimuliwa haya alinyamaza kidogo, akasema, "Basi si hewa iliyowaua." Tungelikumbuka neno hilo mapema tusingepata yaliyotupata Bwera.

Bwera

Kutoka Kasese kwenda Bwera unafuata barabara ya Mbarara mpaka karibu na Kikorongo, ambapo mstari wa ikweta unapita, halafu unakata kulia kuelekea mpaka wa Kongo. Ukifika Bwera umefika pia Mpondwe, na ukivuka daraja la mto Lhubiriha uko Kasindi. Siku ya soko ni watu, pikipiki, vitenge, samaki wa ziwa Edward, kahawa, unga wa muhogo, kuku wamefungwa miguu. Kiswahili kinasikika kila kona, Kiswahili cha Kongo. Bakonzo wa huku na Banande wa ng'ambo ni ndugu, lugha moja. Asubuhi unaambiwa "Wabukire", ukipewa kitu unasema "Wasingya". Sisi kwa mara ya kwanza tangu Mombasa tuliweza kuuliza bei bila kuonyesha vidole.

Bwera ni juu kidogo kuliko Kasese, ila si sana. Vilima vyake ndivyo vikali. Chumba tulichopata, kwa kuwa ni cha bei nafuu, kilikuwa juu ya kilima. Kutoka bombani mpaka nyumbani ni kupanda tu, na jerikeni ya lita 20 kichwani. Wiki ya kwanza sote tulihema. Hata Baba, aliyekuwa mvuvi mwenye mikono kama makasia, alisimama mara tatu njiani na kujifanya anaangalia mandhari. Pwani ni tambarare bwana, miguu yetu haikujua kupanda. Wiki ya tatu, tulipanda bila kusimama. Miguu ikazoea.

Isipokuwa dada yetu mkubwa.

Dada alikuwa na mimba ya miezi sita. Yeye kila siku alizidi. Kwanza alisimama njiani mara tatu, halafu mara sita, halafu akawa anakaa chini. Moyo ulimwenda mbio hata akiwa amelala. Kichwa kilimuuma, miguu ilivimba, akawa anakula udongo wa ukutani kwa siri. Alikuwa mweupe midomoni. Na sisi sote, ndugu wasomaji, tulisema neno moja: ni mlima. Tulikuwa tumeambiwa Mombasa, sasa tumeona kwa macho. Bibi akalia kwamba alijua.

Tulikwenda kwa muuza dawa mmoja. Hatutamtaja, naye pengine alidhani anasaidia. Tulimwambia ni mtu wa pwani, hewa ya mlima imemshinda. Hakumpima chochote. Akatupa chupa ya dawa nyekundu ya kumzoesha mwili, kwa bei ya chakula cha siku nne, tukarudi baada ya wiki kununua nyingine. Wiki tatu zilipita hivyo. Mpango ukawa kwamba shemeji akopee nauli turudi wote Mombasa kabla hajafia mlimani.

Aliyetuokoa ni mama jirani, Mnande wa kutoka Kasindi, muuza sombe. Alikuja jioni moja kuomba moto. Alimtazama Dada, akaweka chini kipande chake cha sufuria, akamvuta kope ya chini kwa kidole. Akamgeuza kiganja. Akatuangalia sisi.

"Mulima? Haiko mulima hii. Mama hana damu. Muone macho yake, iko sawa na karatasi. Kesho mupeleke, hapana, leo. Leo usiku."

Baba akasema, "Mama, ni hewa. Sisi watu wa pwani."

Yule mama akacheka, lakini si cheko la furaha. "Baba, na wewe si wa pwani? Mbona unapanda?"

Tuliona aibu. Watu saba ndani ya nyumba moja, hewa moja, na tulikubali kwamba mlima umemchagua mmoja. Huko juu kabisa kwenye theluji ni kweli kila mwili una lake, huyu anaumwa, yule haumwi. Lakini hapa Bwera, mahali ambapo wanawake wa miaka sabini wanapanda na ndizi mgongoni, tungejiuliza.

Tulimpakia kwenye pikipiki, katikati ya dereva na shemeji, usiku huo huo. Walimtoa damu kidoleni. Mama mjamzito anatakiwa awe na 11 au zaidi. Dada alikuwa na 6. Alikuwa na malaria pia, na minyoo. Muuguzi alisema kama angebeba maji wiki nyingine moja, moyo ungechoka. Aliongezewa damu usiku, akatibiwa malaria, baadaye akapewa dawa ya minyoo na vidonge vya madini ya chuma. Tulikaa nje ukutani mpaka asubuhi, Bibi anahesabu tasbihi. Alfajiri mawingu yaliondoka, tukauona ule mlima tuliousingizia, mweupe, umekaa kimya.

Baada ya miezi miwili Dada alipanda kilima kile na mtoto tumboni, pole pole, bila kukaa chini. Akajifungua salama, msichana, kilo tatu. Alizaliwa mlimani huyo, hajui bahari ni nini.

Tulichojifunza kwa watu wa mlima

Baada ya hapo tulitaka kujua ukweli, mlima unaumiza nani na lini. Vijana wetu wawili walikwenda Kilembe, bonde la mto Nyamwamba juu ya Kasese, ambako shaba ilichimbwa kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mto huo ulifurika vibaya mwaka 2013 na tena 2020, mawe makubwa bado yamejaa njiani. Kule wanaishi vijana wanaobeba mizigo ya watalii kwenda juu. Mmoja alikaa nao, akawaeleza.

Njia ya zamani inaanzia Nyakalengija, kama mita 1,600. Usiku wa kwanza unalala Nyabitaba, kama 2,650. Wa pili John Matte, kama 3,400. Wa tatu Bujuku, karibu 4,000. Halafu Elena, juu ya 4,500, ndipo kilele. Alisema chini ya Nyabitaba hajawahi kuona mtu akiugua kwa sababu ya hewa, labda kwa viatu. Ugonjwa wa mlima unaanza kuonekana kuanzia kama mita 2,500 kwenda juu: kichwa, kichefuchefu, kukosa usingizi na hamu ya chakula. Na akasema wanaoumia zaidi si wazee. Ni vijana wenye nguvu wanaokimbia siku ya kwanza ili waonekane. Mwili unahitaji siku. Saa za kwanza unapumua haraka zaidi, siku zinazofuata figo na damu vinajirekebisha, na damu nyekundu inaongezeka kwa wiki nyingi. Kule kileleni hewa ni kama nusu ya ile ya pwani, lakini anayepanda taratibu anafika. Haraka haraka haina baraka, na mlimani neno hilo ni dawa.

Kwa familia zinazofika

Tunaomba myakate maneno haya myabandike ukutani.

1. Kasese, Bwera, na kambi zetu za huku si juu kiasi cha kumuugua mtu mzima mwenye afya. Kuhema wiki mbili tatu za mwanzo kwenye vilima ni kawaida. Inatakiwa ipungue kila wiki. Ikizidi badala ya kupungua, si mlima. Nenda ukapimwe.

2. Mjamzito, mtoto mdogo, au mtu aliyetoka kuugua malaria akihema, moyo ukienda mbio, akitamani udongo, vuta kope ya chini na utazame viganja. Vikiwa vyeupe, usisubiri kesho. Na vikiwa vyekundu lakini bado anaumwa, nenda vilevile. Macho yetu si mashine.

3. Ukifika kwa daktari au muuza dawa, usianze kwa kusema "ni hewa ya mlima". Sema anavyojisikia na tangu lini, uombe apimwe damu na malaria. Sisi tulileta jibu kabla ya swali, tukauziwa jibu letu wenyewe.

4. Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande milima mirefu bila kuongea na daktari. Hewa nyepesi, baridi na kiu vinaweza kumwanzishia maumivu. Ugonjwa huu upo sana upande huu: mwaka 1949 watafiti Lehmann na Raper waliwapima watu wa Bwamba, nyuma ya Ruwenzori, wakakuta kama 45 kwa kila 100 wana chembe zake. Kubeba chembe peke yake si kuugua, wengi hawajui kama wanayo. Ila watoto wenye ugonjwa wenyewe walindwe, wanywe maji mengi, wasilale na baridi.

5. Wanaopata kazi ya mizigo mlimani: mkivuka mita 3,000 msilale juu zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Kichwa kikiuma na kutapika, usipande zaidi siku hiyo. Mtu akianza kupepesuka kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kukohoa povu, ashushwe mara moja, hata usiku. Kushuka ndiyo dawa.

6. Maji ya kunywa yachemke kabisa, yatokote, kwa dakika moja. Wanaoishi juu ya mita 2,000 wayaache dakika tatu, kwa kuwa huko yanachemka na joto dogo. Maharage yalowekeni.

7. Safarini kwenye basi, mtoto mchanga anyonye gari linapopanda na linaposhuka. Mkubwa anywe maji au ameze mate. Masikio yatafunguka.

Ndugu wasomaji, hatusemi hewa ya juu haina nguvu. Ina nguvu, tumewaeleza pakiti ya krips. Tunasema tu kwamba mtu aliyepoteza kwao ni rahisi kuona kila ubaya unatoka mahali alipofika. Maji mabaya ni ya huku, baridi mbaya ni ya huku, hata kifo cha huku kinaonekana si sawa na cha kwetu. Sisi tuliubebesha mlima wiki tatu za ugonjwa ambao tungeweza kuupata Barawa vilevile, kwa mbu wa Barawa na minyoo ya Barawa. Kidogo tumzike Dada kwa sababu hiyo.

Yale makoti saba, tuliyauza Fort Portal tulipokuwa tunakuja huku. Tulibakiza moja, la Bibi. Anasema si kwa ajili ya mlima, ni kwa ajili ya usiku.

Tunawatakia mwezi mwema, watoto wakue, na wagonjwa wapone. Mwenye swali aje kwetu, mlango uko wazi, chai ipo.

Wenu,
Familia ya watu wa Barawa